Toleo la Saba

Mabela Kusini, Julai. Saa tatu asubuhi
lami imeshaanza kunata kwenye nyayo za viatu.
Daktari kamwandikia Shangazi Shinuna:
tembea, nusu saa, kila siku.
Hakuandika wapi.

Nje digrii arobaini na sita.
Ndani, makochi matatu, kapeti,
meza ya kahawa tuliyoiburura hadi ukumbini,
na mimi nabembeleza mkanda wa miwani
upite juu ya mtandio bila kuuporomosha.
Kule ofisini Al Khuwair tulipima vichwa mia mbili,
vyote vya vijana, vingi vimenyolewa,
hakuna hata kimoja chenye pini tatu.
"Ngoja," anasema. Anachomoa moja,
anaibana kwa midomo.

Toleo la kwanza lilikuwa na milima ya theluji.
Akauliza: nani kafa huku, mbona kweupe hivi?
La pili, akaipiga televisheni.
La tatu lilimtapisha: niliisogeza dunia
naye kasimama palepale.
Jicho hudanganyika. Tumbo halikukubali.
La nne silitaji.

La tano lilihesabu.
Tufe jekundu hapa, la buluu pale, nyoosha, piga,
na lile bega la kulia, ambalo tangu ateleze bafuni
halipandi kupita kidevu,
vihisi vikalisoma kuwa ni uvivu.
"Ongeza bidii!" ilisema sauti niliyoilipia mimi,
ya msichana mchangamfu asiyewahi kuumwa hata kidole.
Shangazi akavua miwani,
akaifuta jasho kwa ncha ya kanga,
akaiweka juu ya kochi taratibu,
kama mgeni anayerudisha sahani ambayo hakushiba.
Akaenda zake kupika.

Nikamfuata. Nikasimama mlangoni
na laptopu kifuani, kama mwizi aliyesahau alichofuata.
Bokoboko. Ngano imelala majini tangu jana,
nyama imeshaachana na mfupa,
na mwiko mrefu kuliko mkono wake.
Mkono wa kushoto unasukuma, wa kulia unafuata tu,
magoti yanakunjika, yanakunjuka,
mgongo ndio unaofanya kazi.
Dakika ishirini na mbili. Niliangalia saa.
Hakuna aliyemwambia aongeze bidii.

Usiku nikafuta matufe yote.
Nikaishusha mbingu chini ya bega.
Toleo la sita: sufuria ya mwanga, mwiko wa mwanga.
Alikoroga mara nne, akacheka mpaka akakaa.
"Kwa hiyo leo nimepika hewa.
Tutaila na sukari au na samli?"

Basi, toleo la saba halina kitu.
Karibu halina kitu.
Kupitia miwani anaiona nyumba yake ileile,
kapeti lilelile lenye doa la chai,
na sakafuni alama ndogo za kijani, hatua kwa hatua,
kutoka kochini, ukumbini, hadi mlango wa jikoni.
Hapo zinazimika.
Kanuni ya kwanza ya kazi hii:
usimpeleke mtu motoni ukiwa umemfunika macho.
Anaipandisha miwani kwenye paji kwa mkono mmoja
(bawaba hiyo imenigharimu wiki tatu
na ugomvi na Bijoy wa vifaa),
anakoroga, anaonja chumvi,
anaishusha, na alama zinawaka tena.
Hakuna sauti, hakuna nyota.
Raundi kumi na moja.

Meneja anapiga simu kutoka Dubai.
Anataka ubao wa washindi,
anataka moto unaoruka mtu akivunja rekodi.
"Angalau nipe namba. Huyo bibi
ameunguza kalori ngapi?"

Namtazama Shangazi, miwani utosini,
pini bado mdomoni, anapakua.

Hajaunguza kitu, namwambia.
Hata ukoko haukushika.